Mama aliyejifungua anahitaji mwalimu, si mkanda peke yake

Ukilitaja neno Pilates katika soko la Mwigobero, mjini Musoma, huenda ukaulizwa kama unamzungumzia Pontio Pilato. Ni mazoezi ambayo wengi wetu tumeyaona kwenye simu tu: mwanamke amelala kwenye mkeka, anainua mguu taratibu, muziki laini unapiga. Yanaonekana ni mambo ya watu wenye nafasi.

Aliyeyaanzisha hakuwa na nafasi hiyo. Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, akakua akiwa mtoto wa kuuguaugua. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa Uingereza, na kwa sababu ni Mjerumani akawekwa kizuizini. Humo ndani aliwafundisha wafungwa wenzake mazoezi. Baadaye alihamia New York, akafundisha huko mpaka uzeeni, na alifariki mwaka 1967. Msingi wa mafunzo yake ni pumzi, utulivu na nguvu ya misuli ya tumbo, mgongo na kiuno.

Historia hiyo ilirudiwa katika mkutano wa siku mbili wa walimu wa mazoezi niliokwenda kuuandikia habari Musoma. Walikuwapo pia wataalamu wa fiziotherapia na wakunga wachache. Mada iliyoleta mjadala mkali ilimhusu mama aliyejifungua: aanze lini kukimbia, kuruka kamba, kubeba vyuma?

Mtaalamu mmoja wa fiziotherapia alisimama akasema kwamba kabla ya kumpa mama zoezi lolote, mwalimu amuulize kama mkojo unamtoka anapokohoa. Ukumbi ulinyamaza. Wanaume kadhaa waliinamia simu zao. Mwalimu mmoja wa kike akasema kwa miaka yote aliyofundisha hajawahi kumuuliza mteja swali hilo, na hakuna mteja aliyewahi kumwambia.

Nje ya ukumbi kulikuwa na maonyesho ya vifaa: mikeka, mipira mikubwa ya kukalia, mipira ya kuvuta kwa mikono, na mikanda ya kubana tumbo. Meza iliyojaa watu ilikuwa ya mikanda. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi minne mgongoni alikuwa akiuliza bei. Dada wa fiziotherapia aliyekuwa meza ya jirani akamsalimia, akamchezea mtoto mguu, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, “Mama, ukicheka au ukipiga chafya, mkojo unakutoka?”

Mama alitazama chini. “Si ndivyo inavyokuwa kwa kila aliyezaa?”

Jibu la swali lake ndilo ninalotaka kulileta hapa. Inawatokea wengi, lakini si jambo la kuvumilia maisha yote. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela, inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa. Ujauzito huielemea kwa miezi tisa, na uzazi wa kawaida huivuta zaidi. Ikilegea, kikohozi, kicheko au ndoo ya maji hutosha kuusukuma mkojo nje. Hata mama aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kupata tatizo hilo, kwa sababu mimba aliibeba.

Misuli hiyo hufundishika kama misuli mingine. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi yake mwaka 1948, ndiyo maana wengi huyaita mazoezi ya kegel. Leo ndiyo tiba ya kwanza anayoshauriwa mama ambaye mkojo humtoka anapokohoa au kunyanyua kitu, kabla ya kufikiria upasuaji.

Na mkanda je? Mama zetu walijifunga mkaja baada ya kujifungua, na katika mahari bado tunatoa mkaja wa mama kwa heshima ya tumbo lililombeba bibi harusi. Sina ugomvi na mkaja. Unampa mama nafuu na kumshikilia mgongo. Lakini yule dada alimweleza mama wa maonyesho kuwa mkanda unashikilia tumbo kutoka nje, haufundishi misuli kufanya kazi, na ukibanwa kupita kiasi unaweza kusukuma uzito kule chini palipolegea. Mama hakununua kitu siku hiyo. Walikaa kwenye mkeka, mtoto amelala pembeni, akafundishwa namna ya kupumua.

Mkutano ulipokwisha nilikwenda Bunda kuwauliza akina mama wenyewe. Kwenye foleni ya bomba, mama mmoja wa makamo alinicheka. “Mazoezi gani tena, mwanangu? Ndoo hizi si mazoezi?”

Kwa sehemu ana haki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, na kazi za nyumbani na shambani zinahesabiwa. Mama wa Bunda anazimaliza hata kabla ya Jumatano. Ila ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na anayeinyanyua huku amebana pumzi anausukuma uzito wote chini. Nilimweleza nilichokisikia Musoma: kaza misuli ya chini kwanza, toa pumzi, ndipo unyanyue. Alijaribu mbele ya wenzake, na wote wakajaribu, kwa vicheko vingi.

Nikaendelea hadi Butiama, kwa mama mdogo wangu. Zamani alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa, kisha akaacha. Sisi watoto tuliambiwa sauti imemwisha. Baada ya shikamoo na chai, nilimuuliza swali lile la yule dada. Alinyamaza muda mrefu, akifunika na kufunua sufuria.

“Kwaya yetu inaruka, mwanangu,” alisema. “Nilikuwa navaa kanga mbili ndani. Siku moja hazikutosha.”

Mtoto wake wa mwisho ana miaka 12. Kwa miaka yote hiyo hakumwambia mumewe, wala muuguzi, wala dada yake, ambaye ni mama yangu. Aliniuliza jambo moja tu: kwa umri wake bado inatibika? Nilimjibu kuwa umri haumzuii, lakini aanze kwa kupimwa.

Kwa mama anayesoma akiwa na hali hiyo, zoezi lenyewe ni hili. Lala chali au kaa umetulia. Kaza kama anayezuia hewa na mkojo kwa pamoja, uhisi misuli inapanda juu. Usikaze makalio wala mapaja, na usizuie pumzi. Shikilia kwa sekunde chache, kisha achia kabisa. Fanya angalau mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi isiyopungua mitatu. Usilizoee kulifanya wakati wa kukojoa. Wanawake wengi hukaza misuli isiyo yenyewe, ndiyo maana ni vizuri kufundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Waulizie katika hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kuna hali nyingine isiyotibiwa kwa mazoezi. Kama mkojo au kinyesi kinatoka mfululizo usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula. Inahitaji matibabu ya hospitali, mara nyingi upasuaji. Hospitali ya Bugando, Mwanza, na CCBRT, Dar es Salaam, hutoa huduma hiyo. Mama wa namna hiyo hajalogwa wala si mchafu, na asifichwe ndani.

Kwa wauguzi wa kliniki nina ombi moja. Mtoto anapopimwa uzito na kuchanjwa, mama yake yupo pale pale, amekaa kwenye benchi. Muulizeni faragha kama mkojo unamtoka. Dada wa Musoma alitumia chini ya dakika moja kuuliza.

Nawe baba, mkeo akiacha ghafla kwenda kwenye sherehe, kwaya au vikoba, usikimbilie kusema amebadilika. Mbebee ndoo wiki hizo za mwanzo, na mkiweza nendeni kliniki pamoja.

Mama mdogo amekwisha kupimwa, na sasa yuko katika wiki ya tatu ya mazoezi. Hajarudi kwenye kwaya, lakini juzi alinipigia simu kuniambia amemweleza dada yake. Kumbe mama yangu naye alikuwa na la kusema.