Doa Jeusi Kwenye Paja



Katika Mwanzo 31 Yakobo amechoka, na siku hiyo anamwambia Labani baba mkwe wake yote yaliyokuwa moyoni. Anamhesabia miaka 20: 14 kwa ajili ya binti zake, 6 kwa ajili ya mifugo. Anamkumbusha jua la mchana, baridi ya usiku, na usingizi uliokuwa ukimkimbia. Kila nikisoma mlango ule namngoja ataje kupe. Hawataji. Nafikiri ni kwa sababu kwa mtu aliyechunga mbuzi miaka 20, kupe si habari. Ni kama vumbi, linakuja na kazi.

Wengi mnaonisoma hapa ni akina Yakobo. Kuna mama anayekata nyasi za ng'ombe kando ya barabara kabla jua halijachomoza. Kuna kijana wa mjengo anayelala kwenye saiti akilinda simiti. Kuna walinzi, wachungaji wa mifugo huku Kajiado, na kina baba waliostaafu wakarudi shambani. Kwa hiyo leo naomba mniruhusu nihubiri kuhusu kupe. Msicheke. Kupe alikaribia kuleta damu mtaani kwetu, na simaanishi ile anayonyonya.

Ndugu mmoja wa kanisa letu (amenipa ruhusa niandike, jina nalihifadhi) aliletwa kwangu na watu wanne jioni ya maombi ya Jumatano. Alikuwa na homa, siku ya nne. Kichwa kinamgonga mpaka hawezi kutazama taa. Amepimwa malaria mara mbili, hakuna kitu. Tezi za kinena zimevimba. Na juu kwenye paja, upande wa ndani, ana kidonda kidogo cheusi, kikavu, kana kwamba mtu amemzimia sigara pale, pembeni pakiwa pekundu. Jambo la ajabu kwao ni kwamba kidonda chenyewe hakikuwa kinamuuma sana.

Kikundi cha WhatsApp cha mtaa kilikuwa kimeshakata kesi. Walisema ameumwa usiku na kitu kilichotumwa. Na aliyetuma walimjua: mama mzee, mjane, jirani yake, waliyekuwa wamegombana naye juu ya mpaka wa ploti. Kabla ndugu yule hajafika kwangu, vijana walikuwa wameshakwenda kusimama kwenye geti la mama huyo.

Wapendwa, hiyo si hadithi ya kuchekesha. Mwaka 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Kilifi nako wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, mvi zao zikifanywa ushahidi. Watu wakishaanza kuitana kwa simu usiku, hakuna anayeuliza maswali.

Mimi nimekulia kwenye boma la ng'ombe. Nikamuuliza swali moja: wiki iliyopita au ile ya kabla yake, ulifanya kazi wapi? Akasema alikuwa amefyeka nyasi kwenye shamba la mtu, mahali wanapolisha ng'ombe na mbuzi, siku mbili, akiwa amevaa kaptura. Basi. Tukamwombea, kwa sababu sisi ni watu wa maombi na sitaomba radhi kwa hilo, na kutoka pale tukampeleka hospitali usiku ule ule. Daktari alilitazama lile doa, akauliza swali lile lile la nyasi, akamwandikia doksisaiklini. Ijumaa ndugu alikuwa anadai ugali.

Ile inaitwa homa ya kupe. Haitoki kwa jirani. Inatoka kwa kimdudu chenye vijidudu vya ugonjwa ndani ya mate yake, na lile doa jeusi ni pale alipokuuma. Ngozi imekufa kidogo. Homa huanza siku kadhaa baadaye, mara nyingi kama wiki moja hivi, wakati wewe umeshasahau nyasi na unatafuta wa kulaumu. Inafanana na malaria, ila kipimo cha malaria hakioni kitu. Kwa hiyo ukienda hospitali, usiseme tu "nasikia homa." Sema: nilikuwa kwenye nyasi, kwenye ng'ombe, siku fulani. Vua uonyeshe doa hata kama liko mahali pa aibu. Daktari hana karama ya kuona kupitia suruali. Na dawa hiyo usijinunulie. Mama mjamzito na mtoto mdogo wanahitaji kuangaliwa kwa namna yao.

(Wafugaji wananiuliza: je, ni ile ndigana kali inayoua ndama? Hapana. Ndigana kali huletwa na kupe pia, yule wa kahawia anayependa masikio ya ng'ombe, lakini haishiki watu.)

Kupe haruki wala hapepei. Watu wanasema ameanguka kutoka mtini, sivyo. Anapanda juu ya jani la nyasi, anashika kwa miguu ya nyuma, ananyoosha ile ya mbele, anangoja. Kwenye miguu hiyo ya mbele ana kiungo cha kunusa, anasikia pumzi yako na joto lako unapokaribia. Ukimgusa tu kwa suruali, amehama. Hang'ati hapo. Anapanda taratibu akitafuta mahali penye joto na ngozi laini: nyuma ya goti, kinena, kiunoni pale mkanda unapobana, kwapani, nyuma ya sikio. Mate yake yana kitu cha kufisha ganzi, kwa hiyo husikii. Nyuki akikuuma unajua saa ile ile. Kupe unaweza kwenda naye kanisani, ukaimba naye, ukatoa sadaka naye, ukarudi naye nyumbani. Na watoto wa kupe ni wadogo kama mbegu za mchicha. Usipowatafuta kwa makusudi utadhani ni uchafu wa shamba.

Sasa, kuna wanaoniandikia kwamba mtu aliyefunikwa kwa damu ya Yesu hahitaji gumbuti. Wananitajia Zaburi 91. Wengine wananitajia Gosheni, kwamba mainzi yalipojaa Misri hayakuingia kwa Waisraeli. Nawajibu kwa upendo. Zaburi 91 naiamini mstari kwa mstari, lakini fungua Mathayo 4 uone ni nani aliyeitumia kumwambia Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu, na uone Yesu alimjibuje. Malaika wapo. Hakuruka. Na wale watu wa Gosheni, usiku wa Pasaka Mungu aliwaagiza wale wakiwa wamejifunga viuno na viatu miguuni. Mungu aliyewatenga na mainzi ndiye huyo huyo aliyewaambia wavae viatu.

Soma pia Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba, weka ukuta kuzunguka dari ili mtu asianguke ukawa na hatia ya damu. Hiyo ni sheria ya Mungu, na ni usalama kazini kabisa! Mwenye shamba unayeajiri vijana wa kufyeka, huo mstari ni wako. Wanunulie gumbuti.

Hilo linanileta kwa akina mama. Dada mmoja aliniuliza faragha kama ni dhambi kuvaa suruali akienda kukata nyasi, maana amefundishwa Kumbukumbu 22:5. Dada yangu, na wote mlioogopa kuuliza: vaa suruali chini ya sketi yako, ingiza miguu ya suruali ndani ya soksi, na soksi ndani ya gumbuti. Sketi peke yake ni hema la kupe. Na aliyekuletea mstari wa 5, mwambie aendelee kusoma mpaka wa 8. Ni mistari mitatu tu.

Wanaume, na ninyi. Mikono mirefu, shati ndani ya suruali, nguo za rangi nyepesi ili umwone kupe akitembea juu yake. Ndiyo, mtachekwa stendi ya boda. Kwenye maduka ya dawa kuna mafuta ya kujipaka ya kufukuza wadudu. Soma kibandiko uone kama ina DEET, jipake kama ilivyoandikwa. Ile inayoitwa permethrini ni ya kupulizia nguo na viatu, si ngozi.

Lakini nimesikia jambo lingine ambalo naomba likome leo. Kuna wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya josho, wanajipaka miguuni kabla ya kuingia porini. Ile ni sumu na inapita kwenye ngozi. Ng'ombe ana kilo mia kadhaa na ngozi unayotengenezea viatu, wewe huna. Hata ukimwogesha ng'ombe, vaa glavu, simama upande upepo unakotoka ili usikurudishie, na nawa kabla ya kula. Chupa ikiisha usiwekee maziwa. Usiwekee hata maji.

Jioni ukirudi, kabla ya chakula, jikague. Huu ndio mzizi wa yote niliyosema. Vua nguo za kazi nje au bafuni, usizitupe kitandani. Zifue kwa maji ya moto, zikikauka zipige pasi kwenye mishono. Oga, pitisha mikono polepole kwenye zile sehemu nilizotaja. Mume amwangalie mke mgongoni na nyuma ya masikio, mke amwangalie mume. Watoto waangalieni kwenye nywele. Wenye ndoa, hamtaki nieleze zaidi.

Ukimkuta ameshika, tulia. Chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, pale mdomo ulipoingia, si tumboni, vuta moja kwa moja juu, taratibu, bila kumzungusha. Osha kwa sabuni, pakaa spiriti. Usimchome kwa kiberiti. Usimmwagie mafuta ya taa. Na hili naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeliona kwa macho: USIMPAKE MAFUTA YA UPAKO. Yakobo 5 inasema wazee wampake mgonjwa mafuta. Haikusema wampake kupe. Ukimkera akiwa bado ameshika, anaweza kukumiminia mate zaidi kwenye kidonda, na ugonjwa uko kwenye mate. Usimpasue kwa kucha pia, hata kama tulipokuwa wadogo tulishindana kuwapasua. Damu iliyo ndani yake usiiguse. Mzamishe kwenye spiriti au mfunge kwenye karatasi umtupe chooni. Kisha andika tarehe kwenye simu. Homa ikija ndani ya wiki mbili, tarehe hiyo itamsaidia daktari.

Mnaotufuatilia mkiwa Lambwe au kando ya Shimba Hills, ninyi mna mbung'o, na huyo ana tabia zake. Anauma mchana, anapenya nguo nyepesi, na anapenda rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki nzito. Idara ya wanaume yenye sare ya bluu, mkienda misheni huko, sare ibaki kwenye begi. Tumshukuru Mungu pia, mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma Kenya. Hiyo ni kazi ya miaka mingi ya watu waliokuwa wakitega nzi. Ila ng'ombe bado anaugua nagana, kwa hiyo mitego mkiikuta msiiibe vitambaa.

Na kwenye makesha ya msimu wa mvua, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata taa, ambaye tunamwita Nairobi Fly, hang'ati wala haumi. Sumu iko mwilini mwake. Akitua shingoni mpulize aondoke. Ukimponda, kesho una malengelenge, na ukijifuta jicho kwa mkono huo utajuta. Umeshamponda? Nenda ukanawe kwa sabuni, sifa zitakungoja.

Yule mama mjane, watu wameniuliza. Vijana wawili kati ya wale waliosimama kwenye geti lake walikwenda naye kwa mzee wa mtaa wakamwomba msamaha. Wengine bado. Nawajua, na wao wanajua kwamba nawajua. Suala la mpaka liko kwa mzee wa mtaa na litaamuliwa kwa kamba ya kupimia.

Jumamosi hii tunafyeka kiwanja cha kanisa, saa moja asubuhi hadi saa nne. Njoo na fyekeo au panga, soksi ndefu, na nguo za kubadilisha. Asiye na gumbuti aniandikie namba ya kiatu kabla ya Ijumaa mchana, kuna jozi 11 tumepata. Watoto wadogo wabaki upande wa jikoni. Ndugu yetu wa lile doa jeusi amejitolea kukaa mlangoni na kibano.

Mchungaji wenu.