Nyayo Zinapofika Mpakani

Mwizi wa ng'ombe hupenda usiku usio na mwezi na njia isiyo na maswali. Msomaji na amfikirie mtu mmoja wa Tarime, mwenye ng'ombe wanane, ambaye ameamka alfajiri akakuta zizi wazi. Katika wanane hao mlikuwa na ada ya shule ya mtoto mmoja na mahari ya mwingine. Yowe limepigwa, majirani wamekusanyika, nyayo zimefuatwa katika umande kupita mashamba ya mahindi, na kabla jua halijawa kali zimefika penye nguzo ya mpaka. Ng'ambo ya nguzo ile ni Kenya. Udongo ni ule ule, umande ni ule ule, na kwato zimeendelea mbele bila kusita. Waliosita ni watu.

Mstari uliowasitisha hawakuuchora wao. Waingereza na Wajerumani waliafikiana juu yake mwaka 1886, wakauvuta kutoka pwani, ukazunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, ukaenda hata Ziwa Victoria. Wakuria wakajikuta wamo katika dola mbili: Wairege wako huku na huko, Wanyabasi vivyo hivyo, na Wakira pia. Mtu aweza kuwa na mjomba Kenya na shemeji Tanzania, akahudhuria matanga ya pande zote mbili kwa miguu yake. Kwa jamaa hawa mpaka ni jambo la karatasi tu. Kwa mwizi ni ngao. Ng'ombe aliyeibwa Tanzania kwa muda mrefu amepata bei njema zaidi Kenya, na askari anayemfuata huishiwa na mamlaka penye nguzo. Wala wizi hauendi upande mmoja. Wako watu wa ng'ambo nao walioamka wakakuta mazizi matupu.

Si kweli kwamba wakubwa hawakuliona jambo hili. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilitunga sheria ya kuwaruhusu polisi wa nchi jirani kuvuka mpaka wakimfukuza mhalifu, na Kenya inayo sheria ya namna hiyo. Lakini neno lenyewe, kufukuza, lamdhania mhalifu anayeonekana kisogo. Ng'ombe walioondoka saa nane za usiku hawafukuzwi, wanatafutwa. Kisha Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mpaka ukafungwa hata 1983. Mwaka 1998 wakuu wa polisi wa nchi za Mashariki mwa Afrika waliunda shirikisho lao mjini Kampala, nalo hufanya kazi zake pamoja na ofisi ya Interpol ya kanda hii, iliyoko Nairobi. Mwaka 2008 ikaja itifaki ya kuzuia wizi wa mifugo, yenye kutaka mifugo itiwe alama na kuandikishwa, na mwaka 2010 Tanzania ikatunga sheria yake ya utambuzi wa mifugo. Katika yote hayo, hili la alama ndilo lenye busara kubwa kuliko linavyosikika. Mwenye ng'ombe humjua kwa rangi, kwa pembe, hata kwa mlio; hakimu wa nchi nyingine hana masikio ya mlio huo, yeye hutaka chapa.

Lugha nayo ina fungu lake. Afisa wa Tanzania hutumikia Jeshi la Polisi. Mwenzake wa Kenya, tangu katiba ya 2010, yumo katika Huduma ya Taifa ya Polisi. Jeshi na huduma si neno moja, na mpenda lugha angeweza kukaa hapo kutwa nzima. Hata hivyo wawili hawa hukutana mpakani wakasemezana kwa Kiswahili bila mkalimani, neema ambayo polisi wa mipaka mingi duniani hawana. Simu moja baina ya maofisa wanaojuana, mmoja Sirari na mmoja Isebania, yaweza kumzuia ng'ombe mnadani asubuhi ile ile. Barua ipitiayo Dodoma na Nairobi itamkuta keshakuwa nyama.

Basi mtu angeweza kudhani kwamba dawa ni kuondoa karatasi zote. La. Yaliyotokea baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010 yanakataza dhana hiyo. Watu waliokamatwa Kenya walivushwa upesi hadi Uganda, na baadhi yao walilalamika kwamba hakimu hakuwahi kuulizwa kama ni halali kuwatoa. Shauri lao lilifika katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Mwaka 2013 majaji wa rufaa wakaona kwamba wamechelewa kulileta, kwa kuwa mkataba huwapa walalamikaji miezi 2 tu. Ajabu ya ushirikiano wa majirani ndiyo hii: ng'ombe, ambaye hana haki za kupotezwa, hungoja mihuri mpaka akachinjwa, binadamu, ambaye anazo, aliweza kuvushwa kabla wino haujashika karatasi.

Pale penye nguzo yule mtu wa Tarime bado amesimama. Afisa wa ng'ambo amefika, kijana, amepigiwa simu na mwenzake. Ameketi juu ya jiwe, amefungua daftari gotini.

"Mzee, wana alama?"

"Wanazo, mwanangu. Sikio la kulia, mkato mmoja."

"Wote?"

Mzee anasita. Fahali mweusi, yule wa mahari, alinunuliwa mwezi uliopita, hakuwahi kukatwa sikio. Anaanza kumweleza kwa baka jeupe la paji la uso na pembe ya kushoto iliyovunjika ncha, naye kijana anaandika.