Ndoto ya Mwimbaji, Mkono wa Mchoraji: Tafakuri Kuhusu Sanaa ya Kuagizwa

Miongoni mwa wahakiki kuna dhana iliyozoeleka kwamba kazi iliyoagizwa ni duni kuliko ile iliyozuka katika nafsi ya msanii mwenyewe. Katika fasihi ya Kiswahili dhana hiyo haina mashiko. Utenzi wa Tambuka, unaohusishwa na mwaka wa 1728, ulitungwa na Mwengo bin Athumani kwa kutakiwa na mfalme wa Pate, na haukupungukiwa na hadhi kwa sababu hiyo. Swali lenye uzito ni jingine: je, mwenye kuagiza alimwachia msanii nafasi gani ya kufikiri? Swali hilo hujitokeza kwa ukali zaidi pale mwanamuziki anapomwendea mchoraji na kumtaka achore jalada la santuri yenye maudhui ya njozi.

Ugumu wa agizo la namna hii ni bayana. Anayetaka picha ya harusi ana maharusi wa kumwonyesha mchoraji. Mwanamuziki wa njozi hana kitu. Nchi anayoiimba haimo katika ramani, na viumbe wake hawajaonwa na mtu. Alicho nacho ni sauti na maneno, na sauti haina umbo wala rangi. Kwa hiyo mchoraji hawezi kunakili. Hana budi kufasiri. Ni yeye anayekuwa mhakiki wa kwanza wa muziki huo, kabla ya msikilizaji yeyote kuununua.

Mathalan, mwaka 1969 bendi ya King Crimson ya Uingereza ilitoa santuri yake ya kwanza, In the Court of the Crimson King. Peter Sinfield, aliyekuwa akiitungia bendi hiyo maneno ya nyimbo, alimpa kazi ya jalada rafiki yake Barry Godber, kijana aliyekuwa akiandika programu za kompyuta. Jina la santuri lilimwelekeza kwenye baraza la mfalme, na mchoraji mtiifu angalichora kiti cha enzi na watumishi wake. Godber alichora uso mmoja uliojaza jalada zima, macho yamekodoka na kinywa kimeachama kwa hofu. Kwa nje hapakuandikwa hata jina la bendi. Msikilizaji aliyeushika uso huo mikononi alijua, kabla sindano haijagusa santuri, kwamba ufalme unaosimuliwa humo si wa kujivunia bali wa kutisha. Godber alifariki Februari 1970, na jalada hilo likabaki kuwa la pekee alilolichora.

Mfano wa pili unalihusu bara la Afrika moja kwa moja. Osibisa iliundwa London mwaka 1969, ikiongozwa na Teddy Osei wa Ghana, na ndani yake walikuwamo wanamuziki wa Afrika Magharibi na wa visiwa vya Karibiani. Santuri zake mbili za mwanzo, Osibisa na Woyaya, zilitoka mwaka 1971, na majalada yake yalichorwa na Roger Dean, Mwingereza aliyesomea usanifu wa samani. Soko la wakati huo lilizoea kuitambulisha Afrika kwa vinyago, mikuki na ngoma. Dean aliwachora tembo wenye mabawa kama ya wadudu, wakiruka. Mnyama ambaye Mzungu alizoea kumtazama kama windo akageuka kiumbe asiyeshikika na asiyelengeka.

Yafaa kuulizwa, hata hivyo, kama ndoto hiyo ilikuwa ya Waafrika au ya Mwingereza aliyewaotea. Shaka hiyo si ya kupuuzwa, kwani historia ya wageni kuiota Afrika ni ndefu na haipendezi. Lakini jibu la wenyewe lilikuwa wazi: waliwakubali tembo wale, wakawafanya nembo yao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Picha iliyochorwa na mkono wa nje ikawa mali yao kwa sababu iliusikia wepesi uliomo ndani ya uzito wa midundo yao.

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulitoa, nalo linaonekana Lagos. Mwaka 1974 Fela Kuti alimpa Ghariokwu Lemi, kijana aliyejifunza kuchora peke yake, kazi ya jalada la Alagbon Close. Alagbon palikuwa mahali pa polisi ambapo Fela aliwahi kuzuiliwa. Lemi alimchora Fela akicheza akiwa amekata minyororo, huku baharini nyangumi akiipindua mashua ya polisi. Nyangumi huyo ni njozi tupu, ila mashua ni ya kweli, na mkazi wa Lagos aliijua. Lemi alikuja kuchora majalada 26 ya Fela. Dean alihitaji kuusikia muziki. Lemi alihitaji pia kuujua mtaa. Ndoto yake ina anwani, na kwa hiyo ina hatari.

Je, picha ikishatoka mikononi mwa mchoraji, ni ya nani? Mwaka 2013 Dean alimshtaki James Cameron akidai kwamba milima inayoelea katika filamu ya Avatar ya 2009 ilitokana na michoro yake, na mwaka 2014 mahakama ya New York iliitupilia mbali kesi hiyo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, kwani Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika angani mwaka 1951. Wazo la nchi inayoning'inia hewani halina mwenyewe. Chenye mwenyewe ni namna mtu mmoja alivyoliona wazo hilo na kulitia umbo.

Hoja hii ina uzito mpya leo. Tangu mwaka 2022 programu za kompyuta zinazochora kwa kuandikiwa maneno zimeenea, na mwanamuziki asiye na fedha anaweza kupata joka, kasri na mwezi mwekundu kwa dakika moja. Haitakuwa haki kumlaumu. Lakini inafaa ajue anachokikosa. Chombo hicho humpa alichokiandika, na asiyejua ndoto yake hurudishiwa ndoto za wengine zilizochanganywa. Mchoraji hutanguliza maswali: katika nchi hii nani analala njaa, nani analinda lango, kwa nini wimbo wa tatu una huzuni kuliko maneno yake? Aghalabu mwanamuziki huwa hajajiuliza hayo, na huanza kuuelewa muziki wake siku anapolazimika kujibu.

Mfalme wa Pate alitaka utenzi, na mwenye kuupa umbo alikuwa Mwengo. Sinfield alitaka jalada, akaletewa uso ambao hakuuagiza. Wote wawili walipokea kilichozidi maneno ya agizo lao, kwa kuwa waliyemwagiza alikuwa mtu.