Kaole Kabla ya Boma

Dini yetu inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Lakini wengi wetu tukienda Bagamoyo hutazama upande mmoja tu. Tunaoneshwa Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897, na misheni ya mapadri waliofika 1868. Tunasimuliwa jinsi maiti ya Livingstone ilivyopita hapo 1874 ikipelekwa Uingereza. Kisha tunarudi zetu Dar es Salaam, na watoto wetu wanadhani pwani ile imezaliwa na wageni.

Kwa sababu hiyo niliwachukua wanangu nikaanza nao Kaole, mwendo wa kilomita kama tano kusini ya mji. Hapo pana magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe, ambao wataalamu wanaukadiria kuwa wa karne ya 13. Paa halipo tena, lakini kibla bado chajulikana. Pembeni yapo makaburi, mengine yenye nguzo ndefu ambazo zamani zilipachikwa mabakuli ya Kichina. Tuliwatolea salamu waliolala pale, tukawaombea dua. Bahari iliyowaletea majahazi sasa imejificha nyuma ya mikoko.

Mwanangu mdogo akaniuliza, "Baba, hawa walikuwa matajiri?"

Nikamjibu, "Ndiyo mwanangu. Na leo haja yao kwetu ni dua tu."

Toka hapo ndipo tukaenda Bomani. Wajerumani nao walikuwa na nguvu zao. Abushiri bin Salim aliyewapinga walimnyonga Pangani, Desemba 1889. Bagamoyo waliifanya makao makuu ya utawala wao, lakini kwa kuwa maji ya bandari yake ni machache, mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Na mwaka 1916 Waingereza wakawatoa Bagamoyo kwa vita.

Hata hivyo, haki haitaki tuwalaumu wageni peke yao. Kabla ya Wajerumani, misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikishuka pwani hii kutoka bara, na miongoni mwa mabwana walikuwamo watu waliosali kama tunavyosali sisi. Jambo hili tusiwafiche watoto, maana dhuluma haigeuki halali kwa kuwa aliyeitenda ana kanzu na kilemba.

Katika hao walioletwa alikuwamo mtoto kutoka Manyema, Kongo. Alisoma, akasomesha, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, naye ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Waliokuwa waungwana na waliokuwa watumwa walimfuata kwa elimu yake. Mji uliompokea kama mali ukaishia kumwita sheikh wake. Mwenyezi Mungu humtukuza amtakaye, wala hatazami nasaba.

Basi ndugu msomaji, ukienda Bagamoyo na jamaa zako, Boma litazame, lakini anza Kaole. Waeleze watoto nani alijenga, nani alidhulumu, na nani alisomesha. Kisha ujiulize wewe mwenyewe utakumbukwa katika kundi lipi.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, awalipe waliodhulumiwa, na atujaalie mwisho mwema. Amin.