Maji Matamu ya Nyumbani

Karani afanyaye kazi mjini, akirudi kwao kwa likizo, jambo la kwanza apewalo ni maji. Mama yake huyachota mtungini kwa kata, naye huyanywa, kisha husema kwamba hakuna maji matamu kama ya nyumbani. Akithubutu kusema yachemshwe kwanza, mama huona ametukanwa: "Maji haya ndiyo yaliyomlea baba yako, leo yamekuwa sumu?" Basi karani hunyamaza, akanywa, maana mtoto mwema hapendi kumhuzunisha mzazi wake.

Walakini mapenzi ya maji ya nyumbani yamepata kuua. Kisa hiki ni cha kweli, nacho kilitokea Uingereza mwaka wa 1854. Alikuwako mjane mmoja, Bibi Susannah Eley, aliyekaa zamani Broad Street, katika mtaa wa Soho mjini London. Alipohamia Hampstead hakuyasahau maji ya bomba la kisima cha mtaa wake wa kale, kwa jinsi alivyoupenda utamu wake. Wanawe, waliokuwa na kiwanda mtaani humo, walimpelekea chupa ya maji hayo kila siku kwa gari. Tarehe 31 Agosti alipelekewa kama desturi. Alikunywa jioni ile na siku ya pili. Siku ya tatu alikuwa maiti, ameuawa na kipindupindu. Binti wa ndugu yake, aliyekuja kumzuru, alikunywa pia, akarudi kwake Islington, akafa.

Siku hizo madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa yenye uvundo. Daktari John Snow hakukubali. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikunywa maji gani. Akaona kwamba katika nyumba ya maskini iliyokuwa karibu, yenye watu 535, walikufa 5 tu, kwa kuwa ilikuwa na kisima chake. Katika kiwanda cha bia, chenye wafanyakazi zaidi ya 70, hakufa hata mmoja. Wao walikunywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake pia. Tarehe 8 Septemba mkono wa bomba la Broad Street ukaondolewa. Wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kimbia mtaa, na jumla ya waliokufa ilifika 616.

Baadaye chanzo kilijulikana. Katika nyumba namba 40 alikuwako mtoto mchanga mgonjwa wa kuhara, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika shimo la uchafu lililovuja. Kati ya shimo hilo na kisima hazikupata hata futi 3.

Yafaa ieleweke kwamba maji yale yalisifiwa kwa utamu, hata watu wakayafuata kutoka mbali. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Viini vya maradhi havionekani kwa macho wala havina ladha.

Tena asidhani mtu kwamba haya ni ya Ulaya tu. Wimbi la kipindupindu lililoanza Indonesia mwaka wa 1961 lilifika Kenya mwaka wa 1971, na tangu hapo ugonjwa umerudi mara nyingi. Homa ya matumbo na kuhara damu hupita njia ile ile: kutoka chooni mpaka kisimani, na kutoka kisimani mpaka mtungini.

Mama hakukosea aliposema maji yale yalimlea baba. Zamani hizo nyumba zilikuwa chache na mbalimbali. Leo shamba la babu limegawanywa vipande, na kila kipande kina choo chake. Kisima ni kile kile, lakini majirani wa kisima wamebadilika.

Kwa hiyo hapana budi choo kichimbwe mbali na kisima, kisipungue mita 30, tena upande wa chini wa mteremko. Kisima kifunikwe na kijengewe ukingo ili maji ya mvua yasiingie na uchafu. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Katika nchi ya juu, kupita futi 6,500, yaachwe yatokote dakika 3. Kisha yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, wala mtu asitumbukize mkono.

Na karani akifika nyumbani, asiyadharau maji ya mama yake. Apasue kuni mwenyewe, ayachemshe jioni, yapoe usiku, na asubuhi ampe mama kikombe cha kwanza. Huenda ladha itapungua kidogo. Wana wa yule mjane walimpenda mama yao, lakini hawakujua walichompelekea. Karani wa leo anajua.