Dalali wa Vitabu: Nani Apate Nini Tunaponunua Kitabu?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Bugolobi, na methali hii nimeifundisha mara nyingi. Hata hivyo, kila ninapoipima kwa habari za vitabu, naiona inapwaya. Kitabu kizuri hakijiuzi. Kitabu kizuri kilichochapishwa Dar es Salaam au Nairobi kinaweza kulala ghalani miaka mitatu bila msomaji wa Kampala kujua kwamba kipo. Ili kinunuliwe, sharti awepo mtu wa kukitaja, mtu wa kukiweka rafuni, na mtu wa kukifikisha mkononi mwa msomaji. Wanafunzi wangu wapendwa, leo nataka tuzungumze juu ya watu hao watatu, na hasa juu ya yule wa kwanza: je, anayekitaja kitabu anastahili kulipwa?

Swali hili lililetwa darasani na mwanafunzi wangu mmoja wa jioni, ambaye ofisi yake ipo karibu na Village Mall. Alikuwa ameona kwamba waandishi wengi wa Marekani na Uingereza wana kurasa za mtandaoni zinazofanana na duka: mwandishi hupanga humo vitabu vyake mwenyewe na vya wenzake anaowapenda, na msomaji akinunua, mwandishi hupata sehemu ya fedha. Akaniambia, "Mwalimu, kila wiki unatutajia vitabu. Kwa nini nawe usifungue duka la namna hiyo, upate chochote?" Darasa lilicheka. Mimi nilikwenda nyumbani nikalifikiria jambo lile kwa makini.

Kwanza tueleze utaratibu wenyewe. Mwezi Januari 2020, Mmarekani Andy Hunter, ambaye ni mchapishaji, alizindua Bookshop.org, duka la mtandaoni lililokusudiwa kuyanufaisha maduka huru ya vitabu, yaani maduka ambayo hayamilikiwi na kampuni kubwa zenye matawi kila mji. Mwandishi, mhakiki, gazeti au chama cha wasomaji huweza kufungua ukurasa wake humo. Msomaji akinunua kitabu kupitia ukurasa huo, mwenye ukurasa hupata asilimia 10 ya bei, na asilimia 10 nyingine huingia katika mfuko unaogawiwa maduka huru yaliyojiunga. Duka lenyewe likimleta mnunuzi kwa ukurasa wake, hupata asilimia 30. Huko Marekani vitabu hutumwa moja kwa moja kutoka ghala la muuzaji wa jumla, kampuni ya Ingram, kwa hiyo duka dogo halilazimiki kuwa na kila kitabu rafuni. Majuma machache baada ya uzinduzi, ugonjwa wa korona uliyafunga maduka, na utaratibu huo ukawa tegemeo la wengi. Mwezi Novemba mwaka huohuo ulianza pia Uingereza.

Kiswahili kina neno la zamani kwa mtu wa namna hii: dalali. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kitendo cha kuonyesha au kuelekeza. Ndugu yake ni neno dalili. Dalali si mwenye mali wala si mnunuzi. Yeye huonyesha njia, na hulipwa kwa kuonyesha. Siku hizi neno hili limechafuka kidogo, kwa kuwa kila aliyepangishwa nyumba Kampala ana kisa chake cha dalali. Lakini kazi yenyewe si ya aibu. Aibu huingia pale dalali anapoficha kwamba amelipwa, au anaposifu nyumba inayovuja kwa sababu mwenye nyumba ameahidi zaidi.

Sasa turudi Bugolobi. Je, naweza kuwa dalali wa Bookshop.org? Hapana, na sababu ni rahisi: vitabu vyake havifiki huku, kwa maana duka lile linawahudumia wanunuzi wa nchi lilipo. Mfano mzuri ni riwaya ya Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, Mganda anayeishi Manchester. Muswada wake ulishinda shindano la Kwani Trust la Nairobi mwaka 2013, na shirika hilohilo dogo likauchapisha mwaka 2014. Baadaye ulitolewa Marekani na Transit Books mwaka 2017, na Uingereza na Oneworld mwaka 2018. Msomaji wa Manchester au Chicago anaweza kubofya kiungo, akapata riwaya inayohusu Buganda, na duka la mtaani kwake likapata fungu. Msomaji wa Buganda yenyewe akibofya kiungo hicho hapati kitu. Walioutangulia wengine kuuamini muswada ule walikuwa Nairobi, lakini utaratibu wa kuwagawia wauza vitabu matunda yake umejengwa ng'ambo.

Si kwamba Waafrika hawajawahi kushirikiana katika jambo hili. African Books Collective, ushirika unaomilikiwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe, uliundwa katika miaka ya 1980 na makao yake yapo Oxford. Umefanya kazi kubwa ya kuvifikisha vitabu vyetu kwenye maktaba za Ulaya na Marekani. Lakini tazama mwelekeo wa mzigo: unatoka kwetu kwenda kwao. Njia ya kutoka Dar es Salaam hadi Kampala kupitia mpaka wa Mutukula haijapata ushirika wa namna hiyo unaojulikana na kila msomaji.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la mwanafunzi wangu lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005, na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini lugha haikai katika katiba peke yake. Hukaa pia rafuni. Raia anayetaka kusoma Peponi, yaani riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, anahitaji duka lililothubutu kuiagiza. Na duka haliagizi kwa sababu ya katiba. Huagiza kwa sababu ya wanunuzi.

Nilikwenda kumwuliza mzee mmoja mwenye duka dogo la vitabu katikati ya jiji. Nilimsalimu, nikamweleza mpango wa Wamarekani, naye akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hao wanafunzi wako nawafahamu. Huja hapa, hushika kitabu, husoma jalada la nyuma, hupiga picha kwa simu, kisha huaga kwa adabu. Wengine baadaye huwaona na nakala ya kurudufu. Kodi ya chumba nalipa mimi. Maonyesho wanapata wao." Aliniambia kwamba aliwahi kuagiza nakala kumi za kitabu kimoja cha Kiswahili, akauza mbili. Tangu hapo haagizi tena bila kuwa na hakika.

Maneno yake yalinifundisha kiini cha jambo. Duka la vitabu linafanya kazi mbili: linauza, na linaonyesha. Kwa kuuza linalipwa. Kwa kuonyesha halilipwi. Mtu akiona kitabu kwake na kukinunua kwingine, au kukirudufu, muuza vitabu amekuwa dalali asiye na ujira. Nguvu ya ule mpango wa Marekani, kwa maoni yangu, haipo katika teknolojia. Ipo katika kukubali kwamba kuonyesha ni kazi, na kwamba malipo yake yagawiwe mwandishi anayependekeza na muuza vitabu anayekesha na rafu zake.

Basi tulipatana na yule mzee jambo dogo. Mimi naandaa orodha ya vitabu kila muhula. Wanafunzi wanamtumia ujumbe wa WhatsApp kutaja wanachotaka, na kutanguliza nusu ya bei kwa simu. Wakifika watano kwa kitabu kimoja, yeye anaagiza, na mwendesha bodaboda analeta furushi moja Bugolobi badala ya safari tano. Kwa namna hiyo hatari ya nakala nane zisizouzika inaondoka mabegani mwake. Hatuna ghala la Ingram, lakini tuna simu, tuna bodaboda, na tuna darasa linaloweza kuhesabiwa.

Likabaki suala la ujira wangu. Mzee alitaka kunipa sehemu moja katika kumi. Kwa kitabu cha shilingi 40,000, hiyo ni shilingi 4,000. Nilikataa kwanza, naye akanikemea kwa upole: "Kazi isiyo na ujira haidumu, Mwalimu. Ukichoka, nani ataandaa orodha?" Alikuwa na haki. Hata hivyo, nilimwekea mpaka mmoja. Kitabu ninachowalazimisha wanafunzi kununua kwa ajili ya mtihani, sichukui hata senti, na sehemu hiyo ipunguzwe katika bei yao. Kitabu ninachokipendekeza tu, ambacho mwanafunzi ana uhuru wa kukiacha, nachukua sehemu yangu, na nimeandika hivyo juu ya orodha kwa herufi kubwa.

Kwa nini mpaka huo? Kwa sababu mwalimu ana mamlaka, na mamlaka yakikutana na kamisheni gizani huzaa rushwa hata kama kiasi ni kidogo. Sheria ya Maadili ya Viongozi ya mwaka 2002 inawataka viongozi wa Uganda watoe taarifa ya mapato, mali na madeni yao kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Mimi si kiongozi wa aina hiyo, wala orodha ya vitabu si zabuni ya barabara. Lakini msingi ni mmoja: anayewachagulia wengine aseme anapata nini katika uchaguzi huo. Tukiuzoea msingi huu katika shilingi 4,000, tutakuwa na ulimi wa kuudai katika mabilioni. Ndiyo maana hata wewe, ukisoma sifa za kitabu mtandaoni na chini yake ukaona kiungo cha kununulia, una haki ya kuuliza bila kumtukana mtu: msifiaji huyu analipwa na nani, na je, duka la mtaani kwangu linapata chochote?

Sidai kwamba mpango wetu utabadili biashara ya vitabu Afrika Mashariki. Muhula huu tumeagiza vitabu vitatu, na kimoja kilikosa wanunuzi watano. Lakini majuzi yule mzee aliniambia kwamba mteja asiye wa darasa letu aliviona viwili vilivyobaki rafuni, akavinunua vyote. Mteja huyo hakuelekezwa na kiungo wala na mwalimu. Alipita tu, akaviona.

Kazi ya wiki hii ni hii. Nenda katika duka moja la vitabu karibu nawe, uliza kwa Kiswahili kama wana kitabu chochote cha Kiswahili cha watu wazima, kisha andika sentensi kumi juu ya jibu ulilopewa. Ukikikuta unachokipenda, usikipige picha. Kinunue, au mwambie mwenye duka akuwekee hadi mwisho wa mwezi.