Choo cha Bibi

Choo cha zamani cha nyumbani kwetu Muheza alikichimba babu mwaka 1973, redio ilipokuwa ikihimiza kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi kusikiliza vipindi, kisha wakashika majembe. Kwa kizazi chake kile kilikuwa ushindi, na mimi nakiheshimu hadi leo. Ila kwa upande wa vyoo, nguvu za kampeni zilikuwa kwenye kuchimba. Mwenye nyumba atachuchumaaje akizeeka, hilo lilibaki mikononi mwa nyumba yenyewe.

Magoti ya Bibi yalipoanza kugoma, alishika kanga kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono wa pili. Udongo ukachimbika pale alipozoea kujivutia, vidole vinne vikionekana waziwazi. Usiku alitoka na kurunzi kwapani. Mwishowe akaacha chai baada ya Magharibi, hata maji akayapunguza. Wazee wengi hufanya hivyo kimyakimya, na ni hatari: mwili ukikaukiwa maji huja kizunguzungu, na kizunguzungu huangusha.

Mjomba akatoboa kiti cha plastiki kwa kisu cha moto, akakiweka juu ya tundu. Kilisaidia kwa muda, lakini sakafu ilikuwa na majimaji na miguu ya kiti ilitanuka kila Bibi alipoegemea upande.

Ndipo familia ikachanga, tukajenga choo cha kukaa, ndani ya nyumba, katika chumba kinachopakana na chake. Fundi alileta marumaru za kung'aa. Bibi akaijaribu moja kwa unyayo uliolowa.

"Hizi nenda nazo, baba. Mimi nipe sakafu inayokwaruza."

Ikamwagwa saruji, ikaburuzwa kwa ufagio kabla haijakauka. Kizingiti kikaondolewa. Choo kikainuliwa kidogo kwa zege, kiasi kwamba akikaa nyayo zake zinatua zote chini na magoti hayapandi juu ya kiuno. Mlango ukafungukia nje, kwani mtu akianguka ndani, mwili wake huuzuia mlango unaofungukia ndani. Swichi ya taa ikawekwa karibu na kitanda. Kando ya choo fundi alichimbia ukutani kipande cha bomba la chuma, na saruji ilipokomaa Mjomba akajivuta nalo kwa uzito wake wote. Kishikio kisichostahimili hivyo ni mtego, kama ilivyo fimbo ya kutundikia taulo.

Zamani binamu yangu ndiye aliyemsindikiza na kumwinua, na Bibi aligeuza uso muda wote. Sasa anaingia peke yake, anafunga mlango, anatoka akiwa amejifunga kanga yake vizuri. Chai ya usiku ameirudia, yenye tangawizi nyingi.

Katika vitu vyote tulivyonunua, lile bomba lilikuwa rahisi kuliko vyote, na ndilo majirani wanalokuja kulishika na kulipima kwa shubiri. Nyumba ya pili kutoka kwetu wamechimbia la kwao bafuni, karibu na ndoo ya kuogea. Sisi upande huo bado hatujaweka. Fundi atakuja mavuno ya machungwa yakiuzwa.